Chuma, Salfa na Orodha ya Ubaoni

Katika shule zetu nyingi za msingi somo la umeme hufundishwa kwa orodha. Mwalimu huchora mstari katikati ya ubao. Upande mmoja huandika "Vipitishi" na upande wa pili "Vihami". Shaba, chuma na alumini huingia huku. Mti, mpira na kioo huingia kule. Wanafunzi hunakili, hukariri, na mtihani unapofika huirudisha orodha ile ile kama walivyopewa. Si kusudi langu katika makala haya kuilaumu orodha yenyewe, maana hakuna kosa kubwa ndani yake. Ninalolilaumu ni kuifanya orodha kuwa mwanzo wa somo badala ya kuwa zao lake, hata mtoto akaamini kwamba tabia ya kitu imo katika jina lake: chuma hupitisha umeme kwa sababu ni chuma, mpira huzuia kwa sababu ni mpira, na neno limekwisha.

Napenda kumwonyesha mwalimu mwanafunzi jinsi imani hiyo ilivyo dhaifu, na nitatumia chuma chenyewe kuwa shahidi. Habari nitakayoieleza ni ya maabara za ng'ambo, na sehemu kubwa yake haitaingia darasani kamwe. Hata hivyo nadai kwamba mwalimu aliyeielewa atafundisha somo la vipitishi kwa namna tofauti na yule asiyeijua.

Mwaka 1911, katika mji wa Leiden nchini Uholanzi, Heike Kamerlingh Onnes aliipoza zebaki hadi takribani nyuzi 269 chini ya sifuri ya Selsiasi. Wanafizikia huhesabu baridi ya namna hiyo kwa kelvini, ambazo huanzia kwenye baridi ya mwisho kabisa, nyuzi 273 chini ya sifuri. Kwa hiyo zebaki ile ilikuwa kwenye kelvini 4 na ziada kidogo. Hapo ukinzani wake dhidi ya mkondo wa umeme haukupungua tu, bali ulitoweka ghafla. Kitu cha tabia hiyo, ambacho mkondo waweza kuzunguka ndani yake bila kupungua, nitakiita kipitishi kamili. Tusidhani ni mchezo wa maabara tu: mashine nyingi za MRI zinazopiga picha za ndani ya mwili katika hospitali kubwa zina sumaku iliyofanywa kwa waya wa vipitishi kamili uliozamishwa katika heli ya maji.

Maelezo yaliyokubaliwa yalipatikana mwaka 1957 kwa kazi ya Wamarekani watatu, Bardeen, Cooper na Schrieffer. Walionyesha kwamba katika baridi ile elektroni hufungamana jozi jozi, na jozi hizo husafiri pamoja kwa utaratibu mmoja usioruhusu mgongano wa kawaida. Sasa, kila elektroni ni sumaku ndogo mno, na katika jozi hizo sumaku mbili hutazamana kinyume. Ukileta usumaku wenye nguvu karibu nazo, jozi huvunjika. Ikafuata kwamba chuma, ambacho ndicho kiongozi wa sumaku zote, kilihesabiwa kuwa adui wa upitishaji kamili. Mtu aliyetafuta vipitishi kamili alishauriwa kukaa mbali na chuma. Hiyo nayo ilikuwa orodha ya ubaoni, ila ubao wenyewe ulikuwa wa wataalamu.

Orodha hiyo ilivunjwa nchini Japani. Hideo Hosono na wenzake katika Taasisi ya Teknolojia ya Tokyo hawakuanza kwa kutafuta vipitishi kamili. Kazi yao ilihusu vitu vinavyopitisha umeme nusunusu. Mwaka 2006 walitoa habari ya kampaundi ya lanthanamu, chuma, fosforasi na oksijeni iliyopoteza ukinzani kwenye kelvini 4 hivi. Wengi hawakuishughulikia. Kisha wakaweka aseniki mahali pa fosforasi, na mahali pa baadhi ya atomu za oksijeni wakaweka florini, kama atomu 11 katika kila 100. Mwaka 2008 walitangaza kelvini 26. Kabla mwaka huo haujaisha, wataalamu wa China walikuwa wameondoa lanthanamu na kuweka samariamu, ambayo atomu yake ni ndogo zaidi, wakafika kelvini 55.

Nataka tutulie hapa, kwa kuwa kiini cha habari kimo katika maneno "mahali pa". Hakuna aliyeongeza kitu juu ya kitu kama mtu aongezaye chumvi katika mchuzi. Atomu moja ilitolewa katika kiti chake na nyingine ikakalishwa pale pale, na viti vingine vyote vikabaki kama vilivyokuwa.

Tuchukue ukoo mmoja wa kampaundi hizi, ule uliochunguzwa zaidi: bariamu, chuma na aseniki. Kwa kila atomu moja ya bariamu kuna mbili za chuma na mbili za aseniki. Fuwele yake imejengwa kwa matabaka, kama mikeka iliyotandikwa juu ya mikeka. Katika mkeka mmoja atomu za chuma zimepangwa kwa miraba, na kila moja imezungukwa na atomu nne za aseniki, mbili juu na mbili chini. Kati ya mkeka na mkeka kuna bariamu. Kampaundi hii ikiwa safi hupitisha umeme kama metali dhaifu. Ikipozwa hadi karibu kelvini 140, sumaku ndogo za atomu za chuma hujipanga kwa safu: kwa upande mmoja jirani na jirani hutazama sawasawa, kwa upande wa pili hutazamana kinyume, na miraba yenyewe hunyooka kidogo kuwa mistatili. Ukizidi kuipoza hupati upitishaji kamili. Usumaku umekwisha kuchukua nafasi.

Mwaka 2008 wanakemia wa Munich nchini Ujerumani walibadilisha atomu 40 katika kila 100 za bariamu kwa potasiamu. Bariamu hutoa elektroni mbili kwa jirani zake. Potasiamu hutoa moja tu. Mwalimu mwanafunzi na apige hesabu: bariamu 100 hufuatana na chuma 200, elektroni 40 zimekosekana, kwa hiyo kila atomu tano za chuma zimepungukiwa elektroni moja. Safu za sumaku zikatoweka, na kwenye kelvini 38 ukinzani ukatoweka pia.

Mtu angesema basi siri ni kupunguza elektroni. La. Mwaka huo huo nchini Marekani kobalti iliwekwa mahali pa chuma chenyewe. Chuma kina elektroni 26, kobalti ina 27. Hapa elektroni zimeongezwa, si kupunguzwa. Zikibadilishwa atomu sita au saba hivi katika 100, upitishaji kamili hutokea kwenye kelvini 20 na kidogo. Basi siri ni kubadili hesabu ya elektroni, iwe juu au chini? Hata hilo halitoshi. Ukiacha bariamu na chuma vilivyo, ukabadilisha aseniki kwa fosforasi, hesabu haibadiliki hata kidogo, maana zote mbili ni za ukoo mmoja na zina elektroni tano za nje. Fosforasi ni ndogo zaidi, basi, inakaza nafasi. Zikifika kama 30 katika 100, kipitishi kamili hupatikana kwenye kelvini 30 hivi. Tena kampaundi safi ikibanwa tu kwa kani kubwa, bila kubadilishwa chochote, nayo hufikia hali hiyo.

Kupunguza, kuongeza, kukaza: milango mitatu, na yote yaingia katika chumba kimoja. Linalofanana katika njia zote ni kwamba utaratibu wa sumaku umedhoofishwa lakini haukung'olewa mizizi. Wataalamu wengi wanaamini kwamba mtikisiko wa sumaku zile, zinapokuwa karibu kujipanga lakini hazijipangi, ndio unaofunga jozi za elektroni. Yaani yule aliyehesabiwa kuwa adui huenda ndiye mshenga. Neno la mwisho halijasemwa. Ukizidisha mabadiliko, hali huharibika tena: bariamu yote ikiwa potasiamu, kelvini 38 hushuka hadi chini ya 4, kobalti ikizidi sana, upitishaji kamili hutoweka kabisa.

Sasa jambo ninalolipenda kuliko yote. Mwanafunzi mwepesi wa hesabu angeuliza: kama potasiamu hufaa kwa kupunguza elektroni, kwa nini tusiweke manganizi mahali pa chuma? Manganizi ina elektroni 25, moja pungufu ya chuma. Ni swali zuri sana. Jaribio limefanywa, na kromiamu nayo yenye 24 imejaribiwa. Upitishaji kamili haukutokea kwa kipimo chochote. Atomu ya manganizi huja na usumaku wake mkali, ikakaa ndani ya mkeka wenyewe na kuvuruga majirani. Elektroni hazihesabiwi tu kama shilingi. Yafaa kuuliza pia zimeondolewa wapi na aliyekuja ni nani. Hata kuhusu kobalti wapo walioonyesha kwa hesabu kwamba elektroni yake ya ziada haiendi mbali, hubaki karibu na kobalti, na wapo wanaoshikilia kwamba huenea katika tabaka zima. Wote wanakubali kipimo. Wanabishana juu ya maana yake.

Nitataja kampaundi moja zaidi, kwa kuwa ndiyo itakayoturudisha darasani. Ni chuma na seleniamu tu, moja kwa moja, bila bariamu wala aseniki. (Aseniki ni sumu, kama ijulikanavyo, na asidhani mtu kwamba napendekeza iguswe.) Wataalamu wa Taiwan waliigundua tabia yake mwaka 2008: upitishaji kamili kwenye kelvini 8. Kwenye kelvini 90 hivi miraba yake hunyooka kuwa mistatili, lakini sumaku hazijipangi. Ajabu ni kwamba atomu husogea kidogo mno, ilhali elektroni hubadilika sana: umeme hupita kwa namna moja ukienda huku na kwa namna nyingine ukienda kule. Seremala anaijua tabia kama hiyo katika ubao, ambao hupasuka kwa urahisi kufuata nyuzi zake na hugoma kuzikata. Seleniamu ni ndugu wa salfa. Ukiweka salfa mahali pa seleniamu, kidogo kidogo ubaguzi huo wa pande hupungua, na zinapofika kama 17 katika 100 hutoweka kabisa, hata katika baridi iliyokaribia ya mwisho.

Hapa najua wapo watakaouliza: mwalimu wa darasa la nne ana haja gani na kelvini 38? Ana watoto wengi, vitabu vichache, na muhtasari wa masomo usiotaja lolote kati ya haya. Nalikubali hilo lote isipokuwa mwisho wake. Mwalimu hafundishi kila anachokijua, lakini hufundisha kwa namna ile anavyojua. Anayejua kwamba sayansi ni orodha iliyofungwa hujibu swali la mtoto kwa orodha. Anayejua kwamba chuma, kilichofanyiwa kazi na binadamu kwa maelfu ya miaka, kiliwashangaza wataalamu mwaka 2008, hujibu kwa kusema, "Tujaribu."

Chukueni jaribio ambalo wengi wenu mmeliona sekondari. Unga wa chuma huchanganywa na salfa. Sumaku ikiletwa, chuma hutoka na salfa hubaki. Huo ni mchanganyiko. Kisha huchomwa, hung'ara, na kuwa kitu kimoja cheusi. Hiyo ni kampaundi. Kitabu kinasema kampaundi hiyo haivutwi na sumaku. Lakini kila aliyelifanya jaribio hili mara nyingi anajua kwamba kile kipande cheusi aghalabu huvutwa, kidogo au hata sana. Sababu zipo: huenda chuma chote hakikuungana na salfa, tena chuma na salfa huweza kuungana kwa vipimo vinavyotofautiana kidogo, na baadhi ya miungano hiyo ina usumaku wake. Upungufu wa atomu chache tu za chuma hubadili tabia ya kitu kizima.

Mwalimu hufanya nini mwanafunzi anaposema, "Mwalimu, mbona inavutwa?" Nimesikia majibu ya namna mbili. Moja ni, "Andika haivutwi; ndivyo mtihani unavyotaka." Kwa sentensi hiyo mtoto hufundishwa kwamba macho yake hayana kazi katika somo la sayansi, na sidhani kama kipo kipindi kingine kitakachoweza kulifuta funzo hilo. Jibu la pili ni, "Umeona vema. Tukichoma kwa muda zaidi itakuwaje? Tukiongeza salfa?" Jibu hili halimgharimu mwalimu kitu zaidi ya dakika kumi na unga kidogo. (Lifanywe nje au penye hewa ya kutosha, kwa kipimo kidogo, maana moshi wa salfa huumiza kifua.) Nalo, kwa udogo wake, ni njia ile ile ya Tokyo na Munich: badili kimoja, acha vingine, pima, andika ulichokiona.

Nasisitiza "acha vingine". Hapo ndipo masomo yetu ya vitendo huanguka mara nyingi. Katika jaribio la kutu nimeona msumari mpya ukiwekwa katika maji na msumari wa zamani katika mafuta, kisha wanafunzi wakaambiwa kwamba mafuta huzuia kutu. Huenda ni kweli, lakini jaribio lile halikuthibitisha, kwa kuwa vilibadilishwa vitu viwili kwa pamoja. Wanaochunguza kampaundi za chuma wana taabu hiyo hiyo kwa kipimo kikubwa: potasiamu ikiingia mahali pa bariamu hupunguza elektroni na papo hapo hubadili nafasi kati ya atomu, kwani hazilingani kwa ukubwa. Ndiyo maana fosforasi ilikuwa na thamani sana; ilibadili nafasi ikaacha hesabu. Kuwatenganisha washukiwa wawili ni kazi ambayo mtoto wa darasa la tano anaweza kuielewa akipewa misumari minne inayofanana.

Kwa wanaotaka kuonyesha wazo la kubadilishana mahali bila kutaja elementi yoyote, chombo cha bei nafuu ni punje. Panga mahindi kumi kwa kumi juu ya meza, kisha ondoa sita na uweke maharagwe mahali pake. Watoto wahesabu: sita katika mia. Waulize kama yanaweza kuwekwa yote pembeni au yatawanyike, na kama kuna tofauti. Kisha waeleze kwamba chuma cha pua kina kaboni isiyofikia sehemu mbili katika mia kwa uzito, na kwamba chuma kisichoshika kutu kina kromiamu isiyopungua sehemu kumi na nusu. Mwalimu akumbuke kutofautisha: kromiamu hukaa katika kiti cha chuma, kama haragwe katika kiti cha hindi; kaboni ni ndogo, hujipenyeza katikati ya viti. Punje zinaonyesha la kwanza, la pili haziwezi kulionyesha vizuri, na ni heri kulisema hilo wazi kuliko kuulazimisha mfano.

Kuhusu ubao na mstari wake wa katikati, ushauri wangu ni mdogo. Mwalimu aingie na betri, balbu na nyaya mbili kabla ya kuandika neno lolote. Watoto walete vitu wenyewe. Watakuja na misumari, majani, sarafu, vipande vya ndala, na mmoja wao hakika ataleta penseli. Mti wa penseli hautawasha balbu. Moyo wake mweusi, ambao ni kaboni, huenda ukaiwasha kwa mwanga hafifu. Msumari wenye kutu nyingi huenda ukakataa mpaka ukwanguliwe. Vitu vya namna hii havina nafasi katika orodha ya safu mbili, na ndiyo sababu mwalimu mwenye haraka huvirudisha mfukoni mwa mtoto. Na ichorwe safu ya tatu, isiyo na jina bado, vikae humo mpaka darasa liamue liviiteje.

Humo pia kinaweza kukaa kile kipande cheusi cha chuma na salfa. Mwaka 2015 ilionekana kwamba chuma na salfa, zikiungana moja kwa moja na atomu zake zikipangwa kwa matabaka kama zile za seleniamu, hupitisha umeme bila ukinzani wowote kwenye kelvini 5 hivi. Kipande kilichochomwa darasani kina atomu za elementi hizo hizo mbili, lakini hazikupangwa hivyo.